Usiwaletee Watu VPN Ambayo Hujaijaribu Kwa Mashine Yako

Wasee, leo sina list. Sina "VPN 5 kali za bure". Hiyo list nilishaiandika, Juni 2024, na leo nimekuja kuilipia deni.

Mnaikumbuka hiyo wiki. Mswada wa Fedha, watu barabarani, simu mkononi. Tarehe 25 intaneti ikaanza kukwamakwama, na kila group ya WhatsApp ikawa na swali moja tu: VPN gani? Mimi wakati huo nilikuwa na wafuasi wachache na njaa ya kupata wengi. Nikakaa chini dakika 20, nikaokota majina matano, nikaweka linki tano, nikaposti. Ile posti ilienda kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Na kati ya hizo linki tano, moja ilikuwa inanilipa kila mtu akipakua programu ya kompyuta. Sitawaficha, hizo doo nilizila. Nilinunua taa ya kurekodia video.

Kati ya walioipakua alikuwa sista yangu mkubwa.

Sista anaishi Kahawa West na anafanya kazi za mtandaoni: anasikiliza rekodi za wazungu na kuziandika. Hana laptopu ya maringo. Ana kompyuta ya mezani aliyoinunua mtumba Luthuli, na hiyo kompyuta ndiyo kodi ya nyumba, ndiyo karo ya mtoto. Aliweka ile programu kwa sababu jina langu lilikuwa juu yake. Ilifanya kazi wiki moja, mambo yakatulia, akaizima. Ama alidhani ameizima.

Baada ya miezi miwili akaunti yake ya kazi ikafungwa. Ujumbe ulisema mtandao wake umetumika kwa shughuli za kutiliwa shaka. Pesa ya mwezi mzima iliyokuwa haijatumwa ikaenda nayo. Tukaita fundi. Fundi akafunga kila kitu, brauza, muziki, kila kitu, halafu akatuonyesha skrini: mashine bado ilikuwa inatuma data nje. Wakati haina kazi yoyote. Programu yangu ilikuwa macho, inapitisha safari za watu wengine kwa intaneti ya sista.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Si ulisema ni poa?"

Nilikuwa sijaiweka hata kwa mashine yangu. Hiyo ndiyo dhambi yenyewe, na sai ninaiona kila siku kwa posti za wenzangu. Kwa hivyo hii ni ya kwao, na ni yako wewe unayebonyeza hizo linki.

Tuanze na uongo mkubwa wa hizi matangazo: ati VPN "inakuficha". Apana. VPN ama proksi haimwondoi anayekuona. Inabadilisha tu ni nani.

Chukua matatu. Umekaa kiti cha nyuma kabisa na makanga yuko mlangoni. Nauli yako inapita mikono ya watu watatu kabla ifike, na chenji inarudi vivyo hivyo. Proksi ni huyo abiria wa katikati. Siku hizi tovuti nyingi zinatumia https, yaani pesa yako iko ndani ya bahasha iliyofungwa, kwa hivyo wa katikati haoni kilicho ndani. Lakini anaona umetuma kwa nani, saa ngapi, mara ngapi. Bila VPN, anayeona hayo ni kampuni inayokuuzia bando ama waifai. Ukiweka VPN, kampuni yako ya bando inabaki kuona tu kwamba unaongea na VPN, na yule wa VPN ndiye anayeona mengine yote.

Kwa hivyo swali la kwanza haliwezi kuwa "ipi ina spidi?" Swali ni: huyu abiria ninayempa nauli yangu ni nani, na kwa nini amejitolea kuibeba bure?

Maana seva inalipiwa. Umeme unalipiwa. Hao wanaoandika programu wanakula. Kama wewe hulipi, kuna mtu analipa, na kuna kitu ananunua. Hii si nadharia ya kona ya mtaa. Iko kwa rekodi.

Facebook ilinunua kampuni inaitwa Onavo mwaka wa 2013. Onavo Protect ilikuwa VPN ya bure, imepambwa kama ngao ya kukulinda. Kumbe data yake ilikuwa inaionyesha Facebook watu wanatumia app gani za washindani. Apple ilisababisha iondolewe kwa App Store Agosti 2018, na mwaka wa 2019 ikafungwa kabisa. Hiyo ni kampuni kubwa yenye ofisi na mawakili. Sasa fikiria ile isiyo na hata anwani.

Hola je? Ilisifiwa dunia nzima, ya bure, rahisi, unaiweka kwa brauza unaona video za nchi yoyote. Mwaka wa 2015 watu wakagundua kwa nini ni bure: mtandao wa watumiaji wa bure ulikuwa unauzwa kwa wateja wa Luminati, huduma ya wenyewe hao hao. Mteja analipa, anapitia nyumbani kwako, na huko anakoenda anaonekana ni wewe. Iliandikwa kwa masharti? Nani husoma masharti?

Halafu kuna ile iliyonikosesha usingizi, kwa sababu inafanana sana na ya sista. Mei 2024, mwezi mmoja tu kabla ya list yangu, Wizara ya Haki ya Marekani ilitangaza kuvunjwa kwa mtandao unaoitwa 911 S5 na kukamatwa kwa Mchina mmoja, YunHe Wang. Kompyuta za Windows za watu wa kawaida, zenye anwani za IP zaidi ya milioni 19, karibu nchi 200, zilikuwa zimegeuzwa milango ya kukodisha kwa wezi. Na ziliingiliwa vipi? Kwa VPN za bure. FBI iliyataja majina: MaskVPN, DewVPN, PaladinVPN, ProxyGate, ShieldVPN na ShineVPN. Watu waliziweka wenyewe, kwa mikono yao, wakidhani wanajilinda. Zingine zilikuja zimefichwa ndani ya programu za kuibiwa.

Habari hiyo ilikuwa hadharani wakati naandika posti yangu. Ningeitafuta ningeipata kwa dakika tano. Sikuitafuta kwa sababu kutafuta hakuleti wafuasi.

Ndiyo maana nikiona sai mwenzangu ameposti "VPN premium imekrakiwa, iko kwa bio, zima antivirusi kwanza", damu inachemka. Manze, zima antivirusi kwanza? Huyo ni mtu anakuambia ufunge mbwa ndio aingie kukusaidia. Na unafunga! Mtu amechukua programu ya kulinda siri, akaivunja, akaifunga upya, akakuletea bure kwa group ya Telegram, na wewe unaamini kitu cha pekee alichoondoa ni malipo.

Ninajua mtakachoniambia, kwa sababu nami nilijiambia hivyo.

"Sina cha kuficha." Sawa. Sista pia hakuwa na cha kuficha. Hakuibiwa siri, aliibiwa jina. Mtu akitumia mtandao wako kufanya utapeli, anayegongewa mlango ni wewe. Na hiyo kompyuta yako isiyo na siri ndiyo umeingia nayo eCitizen, iTax, HELB na barua pepe. Jaribu kueleza mbele ya afisa kwamba si wewe, ni VPN.

"Sina doo ya kulipia." Hapa ninawaelewa kabisa, na hapa ndipo tunadanganywa zaidi, kwa sababu tunaambiwa ni aidha ulipe dola ama ule takataka. Si kweli. Kuna vya bure ambavyo unaweza kuona vinakula wapi.

Nitataja vitatu. Sina linki ya kukupa, na hakuna anayenilipa hata shilingi. Andika jina mwenyewe.

Cha kwanza, Proton VPN. Ni ya Uswizi, ina mpango wa bure usio na matangazo wala kikomo cha data. Anayelipa ni yule mteja wa mpango wa pesa. Kodi ya programu yake iko wazi, mtu yeyote anayejua anaweza kuisoma. Ubaya wake: ukiwa wa bure unatumia kifaa kimoja kwa wakati, na huchagui nchi, unapelekwa inakokupeleka. Kama lengo lako ni Netflix ya Marekani, pole, si yako.

Cha pili, Tor Browser. Si VPN, ni brauza, na inapitisha safari yako kwa vituo vitatu vya watu tofauti ndio hakuna mmoja anayejua mwanzo na mwisho. Ni pole pole kama jam ya Thika Road saa kumi na mbili jioni. Usiitumie kupakua muvi. Itumie siku unataka kusoma kitu kimoja na hutaki mtu ajue ni wewe.

Cha tatu ni cha mbogi: Outline. Ilizinduliwa 2018 na Jigsaw, kitengo cha Google, na programu yake pia iko wazi. Mnakodi seva ndogo ya dola chache kwa mwezi, mmoja wenu anaiendesha, anawapa wengine ufunguo, kila mtu anaubandika kwa programu ya Outline kwa kompyuta yake, imeisha. Mkigawana watu watano, ni pesa ya chipo mwitu na soda. Lakini sikia: hapa abiria wa katikati ni beshte yako. Kama humwamini na namba yako ya siri, usimwamini na hii. Na seva imelipiwa kwa jina lake, kwa hivyo Outline itawapitisha panapofungwa, lakini haimfanyi mtu yeyote kuwa mzimu.

Kama utachagua nyingine, chagua. Lakini iulize maswali manne kabla iguse mashine yako. Inakula wapi? Mwenyewe ni nani, kampuni gani, nchi gani? Ni nani wa nje ameikagua na ripoti iko wapi? Na inaomba nini? Ikikosa kujibu mbili za kwanza, usiendelee na hizo zingine.

Sasa kuiweka. Hapa ndipo wengi wanaharibu hata wakiwa wamechagua vizuri.

Usitafute jina kwa Google kisha ubonyeze cha kwanza. Cha kwanza mara nyingi ni tangazo, na wezi pia hununua matangazo. Wanatengeneza tovuti inayofanana kila kitu, herufi moja tu imebadilika. Andika anwani ya tovuti yao wewe mwenyewe, pole pole, uisome tena.

Faili ikishaingia, usiifungue bado. Kwa Windows, bonyeza kulia, nenda Properties, tafuta Digital Signatures. Jina la kampuni liwe ni lile unalolitarajia. Kama hakuna sahihi kabisa na programu ni ya kampuni inayojiita kubwa, simama hapo. Kama tovuti yao imechapisha hashi ya SHA-256, fungua PowerShell, andika Get-FileHash, acha nafasi, kisha njia ya faili. Utapata herufi na namba 64. Zilingane zote na zile za tovuti. Inachukua dakika moja. Mimi dakika hiyo sikuitoa, ikamgharimu sista mshahara wa mwezi.

Wakati wa kuiweka, itaomba ruhusa ya admini. Hiyo ni kawaida, kwa sababu inaongeza njia mpya ya mtandao ndani ya mashine. Kisicho kawaida: kukuambia uzime antivirusi, kukuongezea brauza ama "kisafisha kompyuta" ambacho hukuomba, ama kutaka kuweka cheti cha mzizi. Hicho cheti ndicho kibaya kuliko vyote. Unakumbuka ile bahasha iliyofungwa? Mwenye cheti anaweza kuifungua, kusoma, kuifunga tena, na brauza yako isilalamike. Ukiona hilo ombi kwa VPN ya kawaida, toka.

Kabla ya kuiwasha, angalia anwani yako ya IP. Iwashe, angalia tena. Kama haijabadilika, hiyo ni picha ya ngao tu. Pima pia kama DNS inavuja, yaani kama majina ya tovuti unazoenda bado yanaulizwa kwa kampuni yako ya bando. Washa kile kitufe kinachoitwa kill switch, ndio VPN ikianguka intaneti ikatike badala ya kuendelea uchi.

Halafu fanya jaribio la sista. Zima VPN, funga kila kitu, fungua Task Manager, panga kwa Network, ukae uangalie dakika kumi. Windows yenyewe itapumua kidogo, hiyo ni sawa. Lakini kama programu uliyoizima inatuma data bila kukoma, iondoe leo. Ukishaiondoa, ingia Settings, Network & internet, Proxy, uhakikishe haikuacha proksi imewashwa nyuma yake. Programu mbaya hupenda kuacha mlango wazi ikitoka.

Na tusiuziane ndoto nyingine: kuna siku hakuna VPN itakusaidia. VPN inapita mahali pamefungwa mlango, haipiti mahali barabara yenyewe imeng'olewa. Novemba 2023, na tena Novemba 2024, Telegram ilibanwa hapa Kenya wakati wa KCSE, na VPN ilifanya kazi kwa sababu intaneti yenyewe ilikuwepo. Uganda Facebook ilifungwa Januari 2021 na watu wakaendelea kuingia kwa VPN. Lakini siku za uchaguzi wa mwezi huo huo intaneti ya Uganda ilizimwa yote, na Tanzania ikafanya hivyo Oktoba 29, 2025. Hapo hata VPN ya mamilioni ni ikoni tu kwa skrini. Anayekuambia VPN yake "haizimiki" anakuuzia upepo.

Jirani yetu Tanzania pia anatufundisha lingine. Oktoba 2023, TCRA iliwataka wanaotumia VPN wajiandikishe kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Kwa hivyo usiseme hizi ni stori za manerdi. Nani anaruhusiwa kupita katikati ya maneno yako ni siasa, na utaikuta siasa hiyo umeiweka ndani ya kompyuta yako, karibu na folda ya muziki.

Ndiyo nawaambia wenzangu tunaoposti: sisi ni hatari kuliko wezi. Mwizi hana wafuasi. Mwizi hawezi kumfanya sista yangu abonyeze. Anatuhitaji sisi, nyuso zenye taa nzuri, tuseme "trust me". Na anatuhitaji haswa siku ya vurugu, watu wakiwa na hofu na haraka, kwa sababu mwenye haraka hasomi sahihi ya faili. Ile wiki ya Juni nilidhani ninasaidia harakati. Nilikuwa wakala.

Kama unalipwa kwa linki, sema unalipwa, juu kabisa, kabla ya linki. Kama hujaiweka kwa mashine yako ukaishi nayo mwezi, usiiposti. Na kama uliposti ikawa mbaya, rudi useme. Mimi posti yangu ya zamani nimeiacha pale pale, nimeandika juu yake kwa herufi kubwa: USIPAKUE. Kuifuta kungenisaidia mimi peke yangu. Hela ya linki nimempa sista. Haifiki hata robo ya alichopoteza, na taa bado ninayo, ndiyo inayoniwakia nikiandika hii.

2027 inakuja. Mnajua, nami najua, kwamba kuna siku mwaka huo kila group itauliza tena: VPN gani? Siku hiyo itakuwa ni kuchelewa. Chagua sasa, jioni ya kawaida isiyo na moto popote, ukiwa na chai na muda wa kulinganisha herufi 64.

Sista alifungua akaunti mpya mwaka jana, akaanza upya na kazi za bei ya chini. Juzi alinipigia, anataka kuweka VPN tena kwa sababu mteja mmoja anaihitaji. Nilipanda matatu nikaenda Kahawa West. Tulikaa na ile kompyuta saa mbili, tukafanya kila kitu nilichoandika hapa. Tulipomaliza akaniuliza, "Na yako umeiweka?"

Nikamfungulia laptopu yangu nikamwonyesha.